Nani Mwenyeji wa Kisiwa? Tufani, Toufann na Msamiati wa Kuhamia Visiwa vya Bahari ya Hindi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna fasihi ilivyomchora mtu anayehamia kisiwa cha nchi za joto kwa ajili ya kazi, cheo au makazi, na namna Kiswahili kinavyomwita mtu huyo. Msingi wa uhakiki ni tamthilia ya William Shakespeare iliyofasiriwa na Samuel Mushi kwa jina la Tufani (1969), ikisomwa sambamba na Une tempête ya Aimé Césaire (1969) na Toufann ya Dev Virahsawmy (1991), pamoja na riwaya ya Bernardin de Saint-Pierre, Paul et Virginie (1788). Makala inadai kwamba sehemu kubwa ya fasihi hii imempa mgeni haki ya kukisimulia kisiwa kwa jina la ujuzi, na kwamba msamiati wetu wa kiutawala umeirithi haki hiyo bila kuihoji. Toufann inalihamisha swali kutoka kwa nani aliyefika kwanza hadi kwa nani anayeishi ndani ya lugha ya mahali, ingawa nayo ina kasoro yake.

Istilahi muhimu: mgeni, mwenyeji, mtaalamu wa kigeni, Krioli, tafsiri

Utangulizi

Mtu akiondoka Lyon kwenda kufanya kazi ya uhasibu Port Louis, Kiswahili cha ofisini kitamwita mtaalamu wa kigeni. Akiondoka Dhaka kwenda kushona nguo katika kiwanda cha kisiwa hichohicho, ataitwa mfanyakazi mhamiaji, au kibarua tu. Akiondoka Anjouan kwa mashua usiku kuelekea Mayotte, ataitwa mhamiaji haramu, ijapokuwa safari hiyohiyo haikuhitaji viza hadi mwaka 1995. Wote watatu wamevuka bahari kutafuta maisha katika kisiwa. Kinachowatofautisha katika lugha si tendo la kuhama. Ni mshahara, pasipoti na, tuseme kweli, rangi.

Jambo hili lingeweza kuachiwa wanaisimu jamii. Ninalileta mbele ya wahakiki wa fasihi kwa sababu ninaamini chanzo chake kiko katika masimulizi. Kabla ofisi ya uhamiaji haijamweka mtu katika kundi fulani, hadithi ilikwisha kumweka. Kisiwa cha joto, hasa, ni mahali ambapo hadithi ilitangulia mbali: msomaji wa Ulaya alikuwa na kisiwa kichwani, chenye minazi, chemchemi na mtumishi, kabla ya kupanda merikebu.

Sisi wa bara la Afrika Mashariki hatumo nje ya habari hii. Walimu kutoka Kenya wameajiriwa Shelisheli. Wafanyabiashara wetu wanakwenda na kurudi Moroni na Antananarivo. Lakini safari za watu wetu kwenda visiwa hivyo hazikuanza kwa mikataba ya ajira. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, soko lake likiwa visiwa vya Wafaransa, yaani Morisi na Réunion za leo. Miongo mingi baadaye Waingereza waliifanya Shelisheli gereza la wafalme: Kabaka Mwanga wa Buganda alifia huko mwaka 1903, na Omukama Kabalega wa Bunyoro alikaa huko zaidi ya miaka 20, akaruhusiwa kurejea mwaka 1923 na kufariki Jinja kabla hajaiona tena Bunyoro. Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar naye alipitishwa njia hiyo. Ni nani kati ya hawa alihamia kisiwani? Sarufi yetu inasaidia hapa kuliko kamusi: walihamishwa. Kiambishi kimoja cha kauli ya kutendeshwa kinabeba historia nzima, na ni kiambishi ambacho fasihi ya kuhamia visiwani imejitahidi sana kukifuta.

Mhandisi wa mkataba

Bernardin de Saint-Pierre alifika Morisi, ikiitwa wakati huo Île de France, mwaka 1768, akiwa mhandisi katika utumishi wa mfalme. Aliondoka mwaka 1770. Kwa kipimo chochote cha leo, huyu ni mtaalamu wa kigeni wa mkataba wa muda mfupi: alilipwa na serikali ya mbali, hakuelewana na wakubwa wake, akarudi kwao na kuandika kitabu. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1773, kinastahili heshima, kwa kuwa kinaushutumu utumwa waziwazi wakati ambapo wengi wa tabaka lake walinyamaza. Lakini aliyemfanya maarufu si mwandishi wa shutuma. Ni mwandishi wa riwaya.

Katika Paul et Virginie, wanawake wawili wa Kifaransa walioangukiwa na aibu na ufukara wanaanza maisha mapya katika bonde la kisiwa, wakiwalea watoto wao mbali na ufisadi wa Ulaya. Riwaya ilisomwa, na bado inasomwa na wengi, kama sifa ya maisha ya asili. Tukiisoma kwa jicho la nani anafanya kazi, picha inabadilika. Bonde linalimwa na Domingue, Mwolofu wa Afrika Magharibi, na mkewe Marie, mwanamke wa Madagaska. Mwandishi mwenyewe anatuambia kwamba Domingue ndiye anayechagua udongo na mbegu inayoufaa. Basi Domingue ni mgeni katika kisiwa, ana ujuzi ambao kisiwa kinauhitaji, na ameletwa ili autumie. Fasili ya mtaalamu wa kigeni inamkaa barabara kuliko inavyomkaa mtu mwingine yeyote katika riwaya ile. Hakuna msomaji aliyewahi kumwita hivyo.

Tukio linalonishughulisha zaidi ni lile la mwanamke mtoro. Mtumwa aliyemkimbia bwana wake wa Rivière Noire anamjia Virginie akiwa na njaa na majeraha. Virginie anamlisha, kisha anafanya jambo ambalo riwaya inalisifu kama kilele cha wema: anamrudisha kwa bwana wake na kumwombea msamaha. Bwana anakubali. Baadaye tunafahamu kwamba mwanamke yule alifungwa minyororo. Katika safari ya kurudi, Virginie na Paul wanapotea msituni, na wanaowaokoa na kuwabeba hadi nyumbani ni watumwa watoro.

Wahakiki wa mapokeo ya Kifaransa wamelizungumzia sana tukio hili kwa upande wa huruma. Mimi naona humo muundo wa maarifa. Virginie, ambaye ni mzaliwa wa kisiwa, hajui kisiwa kinavyofanya kazi. Anajua maadili aliyofundishwa na mama aliyetoka kwingine. Watoro wanajua njia, wanajua bwana ni nani, na wanajua ahadi yake ina thamani gani. Wema usiouliza umekwenda kumkabidhi mtu kwa mtesi wake. Washauri wa sera watanisamehe nikisema kwamba nimewahi kusoma ripoti za miradi zenye umbo hilihili, ingawa lugha yake ni ya takwimu.

Mgeni anayemgawia mwenyeji jembe

Tamthilia ya Shakespeare ni kongwe kuliko riwaya hii kwa zaidi ya miaka 170, nayo inasema mengi zaidi kwa maneno machache. Prospero, mtawala aliyepinduliwa Milan, anatua kisiwani na bintiye. Caliban anamwonyesha chemchemi na mahali penye rutuba. Prospero anamfundisha lugha, kisha anakitwaa kisiwa. Husahaulika kwamba Caliban mwenyewe ni kizazi cha kwanza tu pale: mama yake, Sycorax, alitupwa kisiwani kutoka Algiers. Aliyekuwapo kabla ya wote ni Ariel, naye ni roho ambayo haidai ardhi. Kwa hiyo ugomvi wa Prospero na Caliban si wa mgeni na mwenyeji wa tangu enzi. Ni wa wageni wawili, mmoja akiwa na vitabu.

Kiswahili kina methali inayoufichua mpango huu kuliko nadharia nyingi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali inafahamu kwamba ugeni una ukomo na kwamba kazi ndiyo mlango wa kuingia katika jamii. Kisiwani kwa Prospero imepinduliwa. Mgeni ndiye anayemgawia mwenyeji jembe, naye Caliban anabeba kuni tangu mwanzo wa mchezo. Ferdinand, mwana wa mfalme aliyefika jana, naye anabebeshwa magogo, lakini kwake ni jaribio la muda kabla ya ndoa. Gogo ni lilelile. Tofauti ni kwamba mmoja anajua litakwisha lini. Huo ndio mpaka kati ya mkataba wa mtaalamu na kibarua cha maisha, na Shakespeare aliuona. Mwishoni Prospero anarudi Milan na cheo chake kimerejeshwa. Hakuna mahali anapowaza kubaki, na hatma ya Caliban haisemwi.

Mushi aliifasiri tamthilia hii mwaka 1969, mwaka uleule Mwalimu Nyerere alipotoa Mabepari wa Venisi. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, na mjadala wa tafsiri hizo katika taaluma yetu umejikita, kwa haki kabisa, katika uwezo wa Kiswahili: je, lugha yetu inaweza kuubeba ushairi ule? Imeweza. Lakini kwa kuishughulikia lugha ya tafsiri tu, tumekiacha kisiwa pembeni. Mfasiri wa Kiswahili ana hazina ambayo Kiingereza hakina, nayo ni neno mwenyeji, mtu mwenye mji. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi kuchagua kati ya mzawa na mkaribishaji. Kiswahili kinayaunganisha mambo haya mawili. Anayekaribisha ndiye mwenye mji, na mwenye mji anawajibika kukaribisha. Caliban aliyeonyesha chemchemi alitenda kama mwenyeji kwa maana hii kamili. Tamthilia ikisomwa kwa Kiswahili, kosa la Prospero linakuwa zito zaidi: amevunja ukarimu, jambo ambalo pwani yetu inalihesabu katika aibu kubwa.

Mwaka huohuo wa 1969, Césaire wa Martinique alitoa Une tempête, ambamo Caliban ni mtumwa mweusi, na neno lake la kwanza jukwaani ni la Kiswahili: uhuru. Prospero analalamikia lugha hiyo asiyoielewa. Inashangaza kwamba taaluma ya Kiswahili imelitumia tukio hili kidogo mno. Lugha yetu iliingia katika kisiwa cha Prospero kama lugha ya yule anayebeba kuni. Nitalirejea jambo hili, kwa sababu leo tunafika visiwani kwa mlango mwingine.

Kati ya Shakespeare na Césaire yuko mtu wa tatu, ambaye anaifanya mada hii kuwa ya Bahari ya Hindi moja kwa moja. Octave Mannoni, Mfaransa aliyefundisha Madagaska kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1950 kitabu cha saikolojia ya ukoloni baada ya uasi wa 1947 uliozimwa kwa damu nyingi. Humo alimtumia Prospero kumweleza mkoloni, na Caliban kumweleza Mmalagasi, akidai kwamba Mmalagasi alikuwa tayari na haja ya kumtegemea mwingine. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1952, na jibu lake linajulikana. Ninachoongeza ni kwamba sehemu ya Mannoni inayomhusu Prospero ina nguvu kuliko ile inayomhusu Caliban, na sababu ni rahisi: aliijua nafsi ya mtu aliyehamia. Aliona kwamba baadhi ya watu hukipenda kisiwa kwa sababu hakina watu wa kiwango chao wa kuwapinga. Angekomea hapo, angetuachia uhakiki bora wa mtaalamu wa kigeni ulioandikwa na mmoja wao. Hakukomea hapo, akamgeukia mwenyeji na kumpa ugonjwa.

Kisiwa kisicho na wa kwanza

Morisi haikuwa na wakazi. Waholanzi waliipa jina mwaka 1598, wakaanza makazi 1638, wakaondoka 1710. Wafaransa walifuata, kisha Waingereza kuanzia 1810. Watumwa walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, mashamba ya miwa yalijazwa na vibarua wa mkataba kutoka India, ambao gati walilopitia, Aapravasi Ghat, limo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Mlima Le Morne, unaokumbukwa kama kimbilio la watumwa watoro, uliingia katika orodha hiyo mwaka 2008. Katika nchi ya namna hii, hoja ya "sisi tulikuwapo kwanza" haina pa kusimama. Kila mtu alifika. Swali linalobaki ni alifikaje, na akafika akawa nani.

Hapa ndipo Toufann inapofanya kazi yake. Virahsawmy, mwanaisimu na mwanasiasa aliyefungwa katika miaka ya 1970, aliyefariki 2023, alikuwa mzao wa Wahindi wa kisiwa hicho na alitumia maisha yake kuitetea Krioli kama lugha ya taifa zima. Aliiandika tamthilia kwa Krioli na kuipa jina ambalo Mswahili analielewa bila msaada. Wakazi wa Morisi wana neno la kila siku kwa dhoruba zinazowapiga, siklonn, lenye asili ya Kifaransa. Mwandishi aliliacha, akachukua neno ambalo lugha za India zilililipokea kutoka Kiarabu na Kiajemi, kama Kiswahili kilivyolipokea kutoka Kiarabu. Jina lenyewe ni hoja: bahari hii ilikuwa na mawasiliano yake kabla ya Prospero.

Ndani ya tamthilia, Kalibann ni mtoto wa mtumwa mweusi na haramia wa kizungu, kijana fundi anayeendesha mitambo ya Prospero. Aryel ni roboti. Binti wa Prospero ameitwa Kordelia, na badala ya kumsubiri mwana wa mfalme anamchagua Kalibann. Wahusika wa tamthilia nyingine za Shakespeare, akina Yago na Poloniouss, wanatupwa ufukoni kama mabaki ya meli, na wote wanazungumza Krioli. Hili la mwisho ndilo kubwa. Kwa Shakespeare, Prospero anamfundisha Caliban lugha. Kwa Virahsawmy, Prospero mwenyewe hana lugha nyingine ya kutawalia ila ile iliyozaliwa kisiwani, midomoni mwa watumwa. Hakuna mtu jukwaani aliye nje yake.

Hata hivyo sikubaliani na furaha ya wahakiki wanaoiona Toufann kama jibu lililokamilika. Kalibann anarithi kiti cha enzi, lakini kwa njia gani? Kwa sababu binti wa mtawala amempenda na kwa sababu yeye ni hodari wa mitambo. Aliyezaliwa kisiwani analazimika kuthibitisha ustadi wake ili atambuliwe, na kipimo hicho ni kilekile kinachotumiwa kumpa kibali cha kukaa mhasibu kutoka Lyon. Je, Kalibann asingekuwa fundi? Angekuwa mvuvi, au mkata miwa aliyechoka? Tamthilia haina nafasi ya kumweka. Mwandishi aliyeikomboa lugha amekiacha kiti cha enzi mahali pake, akabadilisha tu anayekikalia. Darasani kwangu hoja hii huzua ubishi kila mwaka, na wanaonipinga husema kwamba tamthilia ni fantasia na dhihaka, si katiba. Nakubali kwamba ni dhihaka. Ila dhihaka nayo huchagua nani wa kumwacha nje ya jukwaa.

Kiswahili kinapohamia kisiwani

Mwezi wa Agosti 2019 Kiswahili kilipokewa kuwa lugha rasmi ya nne ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo wanachama wake ni pamoja na Morisi, Shelisheli, Madagaska na Komoro. Makongamano yetu yamelishangilia tukio hilo, na yana haki. Lakini lugha iliyotamkwa na Caliban wa Césaire sasa inawasili visiwani ikiwa na hati rasmi, walimu, mitaala na bajeti. Kwa maneno ya makala hii, Kiswahili chenyewe kinakuwa mtaalamu wa kigeni.

Kila kisiwa kinakipokea kwa namna yake. Komoro, ambako Shikomori ni ndugu wa damu wa Kiswahili, hatari ni kumwona ndugu kama lahaja iliyopotoka inayosubiri kusahihishwa. Shelisheli iliifanya Krioli lugha ya kuanzia shule mwaka 1982, wakati ambapo nchi nyingi za bara zilikuwa bado zinabishana kuhusu lugha za mama. Hapo sisi ndio wanafunzi. Morisi, Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1968 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Bunge na kumruhusu mjumbe kutumia Kifaransa, bila kuitaja lugha ambayo wananchi wengi huizungumza nyumbani. Krioli iliingia shule za msingi kama somo mwaka 2012 baada ya mapambano marefu, ya Virahsawmy yakiwamo. Tukiingia Morisi na hoja kwamba Kiswahili ni lugha ya Afrika isiyo na mkoloni, tukaketi mezani na Kiingereza na Kifaransa huku Krioli ikibaki mlangoni, tutakuwa tumechukua upande katika ugomvi ambao hatukuuliza habari zake. Tutafanana na Virginie akimrudisha mtoro Rivière Noire.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa idara zinazopeleka walimu na wafanyakazi visiwani. Kwanza, mafunzo ya kabla ya safari yawe na Krioli, au Shikomori, au Kimalagasi, kwa saa za kutosha na kwa walimu waliozaliwa katika lugha hizo. Mwalimu wa Kiswahili anayetua Mahé bila kujua kusalimia kwa Krioli anafika kama Prospero hata akiwa na mshahara mdogo. Pili, hati zetu za Kiswahili ziache kutumia "mtaalamu wa kigeni" kwa kundi moja na "mhamiaji" kwa jingine pale ambapo sheria inayozungumziwa ni ya wote. "Mfanyakazi mgeni" linatosha: ni la kawaida na halimpandishi wala kumshusha mtu. Najua wanasheria watadai kwamba makundi ya vibali yanatofautiana. Yanatofautiana, na kila kibali kina jina lake la kisheria. Nembo ya heshima haihitajiki kuongezwa juu yake.

Upande wa fasihi, kazi iliyo karibu zaidi ni kuifasiri Toufann kwa Kiswahili kutoka Krioli yenyewe, bila kupitia tafsiri ya Kiingereza. Mfasiri atakutana na matatizo ya kuvutia. Krioli ya mabaharia walevi haiwezi kuwa Kiswahili sanifu, na sidhani kwamba lahaja moja ya pwani inatosha. Pengine Kiswahili cha bandari, chenye mchanganyiko wa Mombasa, kingefaa. Utani unaotegemea chumvi ya lugha za India utahitaji msomaji anayeijua Kariakoo au Biashara Street kuliko anayeijua kamusi. Tatizo la kwanza, hata hivyo, litakuwa la jalada: jina Tufani limekwisha kuchukuliwa na Mushi tangu 1969, na vitabu hivi viwili vitalazimika kukaa pamoja katika rafu moja.